Mjukuu wa Rubani wa Bibiana

Delfina Turizo alizaliwa akalikuta jina likimsubiri. Katika mji wa Puerto Candelilla, ukingoni mwa mto Magdalena, ukoo wao haukuitwa Turizo. Uliitwa Wachoma-meli. Shuleni watoto walimfanyia mlio wa honi ya meli kila aliponyanyuka kujibu swali, na mwalimu alijifanya hasikii.

Chanzo kilikuwa babu yake, Anselmo, rubani wa meli ya moshi iliyoitwa Bibiana. Alfajiri moja, miaka mingi kabla Delfina hajazaliwa, Bibiana ilipanda fungu la mchanga mbele ya mji wenyewe, tangi la mvuke likapasuka, na moto ukala abiria huku ndugu zao wakiwatazama kutoka gatini. Nahodha alikufa. Fundi wa mashine alikufa. Anselmo alitoka hai, na kwa kuwa ndiye pekee wa kulaumiwa aliyebaki, lawama zote alitwishwa yeye. Ikasemwa alikuwa amelewa chakari, hajui kulia wala kushoto.

Delfina alikua na hilo kama mtu anavyokua na mguu mfupi. Akajifunza kazi ya mama yake, ya kutengeneza jibini ya mikunjo: kuivuta ingali ya moto, ndefu kama utepe, kisha kuizungusha tabaka juu ya tabaka. Kijana mmoja wa mjini alimpenda, lakini mama wa kijana akasema Mchoma-meli haingii nyumbani kwake hata kama mgeni. Akaja kuolewa na seremala wa mbali, Rosendo, mtu mpole ambaye alipoambiwa habari za Bibiana aliuliza tu kama mbao zake zilikuwa za mwerezi. Rosendo alipofariki, Carmenza, wifi yake Delfina, mjane wa kaka yake, alihamia kwake, wakazeeka pamoja wakigombania redio.

Walikuwapo waliokula jibini yake na waliokataa kuila. Wa kwanza kati ya waliokataa walikuwa kina Barraza. Bibi yao aliungulia ndani ya Bibiana, na mzee wa ukoo sasa, don Eligio, alipokutana na Delfina barabarani alivuka upande wa pili. Alifanya hivyo kwa adabu, akigusa kofia, lakini alivuka.

Basi alipotokea mwandishi kutoka Barranquilla, mwanamke mwembamba aitwaye Ilse Marrugo, akisema anaandika riwaya ya kihistoria kuhusu meli za mto na angependa kuzungumza na mjukuu wa rubani, Delfina alimfungia mlango. Aliporudi mara ya pili, alimfungulia dirisha tu, akamwambia waliokufa hawana la kuongeza. Mara ya tatu mvua ilikuwa inamwagika kama imepasukiwa na ndoo, na Delfina hakulelewa kumwacha mtu barazani analoa.

Akampa taulo na kahawa. Ilse hakuuliza habari za meli. Alitazama jibini inavyovutwa, akaomba kujaribu, akaungua vidole, na wote wawili wakacheka. Na kwa kuwa alikuwa ameshacheka, Delfina alianza kusema. Alisema jinsi babu yake, baada ya moto ule, hakukanyaga tena chombo chochote, hata mtumbwi, lakini kila alasiri alishuka nyuma ya machinjio, akaingia mtoni mpaka kifuani, akawafundisha watoto kuogelea. Watoto wa wavuvi, wa wafua nguo, yeyote aliyekuja. Aliwashika kidevu kwa kiganja mpaka miguu ijue kazi yake. Delfina mwenyewe alishikwa hivyo.

Kisha, hata hajui ilikuwaje, lingine likamponyoka. Akasema, "Na wala hakuwa mlevi. Usiku ule alikunywa glasi moja tu, ya ubatizo wa mtoto wa nahodha."

Ilse hakuandika kitu. Aliendelea kunywa kahawa yake. Lakini Delfina aliiacha jibini ikampoa mikononi, maana habari ya glasi ile alipewa na nyanya yake kitandani, akaambiwa isitoke. Miaka yote familia ilikuwa imeapa kwamba Anselmo hakugusa tone. Sasa yeye, uzeeni, kwa sababu ya kicheko cha jikoni, alikuwa amewapa watu glasi yenyewe mkononi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Maziwa yalimkatikia, chumvi ikamzidi. Carmenza alipomuuliza ana nini, alisema ni joto.

Ulipita mwaka na zaidi. Ndipo Carmenza akarudi kutoka maktaba ya manispaa na kitabu chini ya kwapa, kipya, bado kinanukia gundi. Mkutubi alikuwa amemwazima mapema, kwa sababu uzinduzi ungekuwa Jumapili na mwandishi angekuja. Delfina alikuwa na mtoto wa jicho, herufi ndogo zilimchezea, kwa hiyo Carmenza ndiye alikuwa msomaji wa nyumba. Walikaa uani kwenye viti vya bembea.

"Nisomee pale pa glasi," Delfina alisema.

"Glasi ipi, wifi? Watu humu wanakunywa tangu ukurasa wa kwanza."

Ikabidi aseme. Alisema akitazama miguu yake. Carmenza alikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Tumelala ukuta kwa ukuta miaka yote hii, na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia nani?"

Carmenza alifikiri kidogo. "Kila mtu," akasema.

"Haya basi. Soma."

Katika kitabu, meli ilikuwa na jina jingine na rubani aliitwa Ulpiano, lakini mto ulikuwa ule ule. Na glasi ilikuwamo. Ulpiano aliinywa akiwa amesimama, akamwombea mtoto maisha marefu, na nusu akaimwaga mtoni kisirisiri kwa sababu ilikuwa tamu kupita kiasi.

"Uongo huo," Delfina alisema. "Babu yangu hakuwa mtu wa kumwaga kitu."

Kisha likaja fungu la mchanga, ambalo mafuriko ya wiki ile yalikuwa yamelisogeza bila kumwarifu mtu. Ukaja moto. Kitabu hakikusema kosa ni la nani. Kilisema rubani alikwenda na kurudi majini akivuta watu mpaka mikono ikakataa, na kwamba wale ambao hakuwafikia ndio aliokuwa akiwaona kila alipofumba macho. Na mbele zaidi kulikuwa na sura nzima ya mwanamume aliyesimama mtoni mpaka kifuani, kidevu cha mtoto kikiwa juu ya kiganja chake.

Hapo Carmenza alisoma polepole, sauti ikimpungua. Alipomaliza, Delfina aliinuka akasema anakwenda kutazama maziwa. Hakukuwa na maziwa jikoni. Alisimama mbele ya jiko baridi akijifuta uso kwa aproni. Alihisi kama mtu aliyeteremsha gunia begani lakini bado hajathubutu kunyoosha mgongo, maana mwandishi alikuwa amemtendea haki Anselmo, ila mji ulikuwa bado haujasema neno.

Jumapili hakutaka kwenda. Carmenza alimpigia pasi gauni lake la kijani bila kuulizwa, akalitandika kitandani, akaketi mlangoni kama askari.

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Watu walijipepea kwa kadi za mwaliko. Ilse alisoma kurasa chache, na kati ya zote alizoweza kuchagua, akachagua ile ya glasi. Delfina, kiti cha nyuma, aliona shingo zikianza kugeuka kumtafuta. Mtu mmoja karibu na dirisha akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba kumbe ni kweli alikuwa amekunywa.

Hapo don Eligio Barraza akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti. Delfina akashika mkono wa Carmenza akaubana. Alikwisha kujiandaa kutoka.

"Mimi nina jambo juu ya huyo bwana," alisema don Eligio. "Kwetu ilikuwa marufuku kumtaja. Baba alisema atakayekwenda nyuma ya machinjio atachapwa mpaka amsahau mama yake. Mimi nilikwenda. Nikirudi nasema nimenyeshewa."

"Wakati wa kiangazi?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

"Hata wakati wa kiangazi. Baba yangu alinitazama, hakuniuliza kitu." Akavuta pumzi. "Alijua mimi ni wa nani, rubani yule. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamwambia. Aliniangalia mpaka nikaogopa. Kisha akanishika kidevu, akasema piga miguu. Nimevuka mto huu maisha yangu yote kwa sababu yake, na sijapata kulisema mbele ya watu. Leo limeandikwa, basi nami naliunga mkono. Glasi moja! Nani hapa hajanywa glasi ya ubatizo?"

Akakaa. Aliyekuwa karibu na dirisha alijitia kukohoa.

Delfina alisimulia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichohisi ni njaa. Njaa kali, ya mtu ambaye hajala vizuri mwaka mzima. Alikwenda kwenye meza ya vitafunio, akala maandazi ya mihogo mfululizo, watu wakimpisha, wengine wakimshika bega. Don Eligio alikuja akasimama karibu naye, wakatafuna pamoja.

Ilse alimfuata, uso umemwiva kwa wasiwasi. "Bibi Delfina, kama nimekukosea, nisamehe."

"Umemfanya mrefu," alisema Delfina. "Aliishia hapa," akaonyesha sikio lake.

"Ni riwaya, bibi."

"Najua ni riwaya. Ingekuwa kesi ningekwenda kwa hakimu."

Jina la Mchoma-meli halikufa siku ile, majina ya namna hiyo huchukua muda, lakini lilianza kutamkwa kwa kicheko ambacho Delfina aliweza kukiitikia. Daktari alimtoa mtoto wa jicho, na kwa macho mapya akaanza kujisomea. Alhamisi alikwenda maktaba, ambako mkutubi alimwagizia kila riwaya mpya ya kihistoria iliyotoka: za watawa, za wachimba dhahabu, za wanawake waliojigeuza wanaume wakapigana vita. Za vita hakuzipenda sana, alisema watu wengi wanakufa na hakuna anayeonekana akiwapikia.

Lakini alizisoma zote mpaka mwisho. Na kila aliporudisha moja, aliiweka juu ya meza, akailazia kiganja, akamuuliza mkutubi swali lile lile: huyu wa kitabuni naye ana wajukuu wapi, na je, kuna mtu aliyekwenda kuwabishia hodi?