Pombe ya Umma Haionjwi

"Washa taa, we Mnyamwezi. Au mafuta ya taa nayo mmeuza?"

Ilikuwa mchana, hospitali ya Kitete, jua limejaa dirishani. Mtani wangu kalala kitandani, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, mikono inamcheza yenyewe. Macho wazi, haoni. Nikamwambia taa nimeshawasha.

"Muongo. Wapagazi wote waongo."

Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Kwa desturi ya utani nilipaswa kumrudishia tusi papo hapo, tena zito kuliko lake. Mimi nikabaki namfuta mate. Akaondoka ameshinda.

Watu wakisikia mtu kafa kwa pombe hutikisa kichwa: alijitakia. Basi ngoja nirudi nyuma tuone nani alijitakia.

Yeye alikuwa Mzaramo, fundi wa reli, kazi ndiyo iliyomleta Tabora. Mimi fundi baiskeli, shule iliniacha darasa la nne nami sikuikimbilia. Babu zangu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani. Babu zake wakawapokea huko na kuwacheka nyayo zilizopasuka. Ndipo utani wetu ulipoanzia. Na kazi yetu kila mwisho wa juma ilikuwa moja: kuzunguka kuonja pombe za watu. Wenzetu walikwenda mikutanoni kulewa hotuba, sisi tulikwenda vilabuni. Kila mtu na kileo chake.

Bukene tulikwenda kwa treni, yeye kwa pasi yake ya reli, mimi katikati ya mizigo nikiitwa msaidizi wa fundi. Pombe ya mtama ya kule ilikuwa nzito, ukisimamisha kijiti kinasimama. Njia ya Ipole tulikwenda kwa baiskeli yangu, tukipokezana kupiga pedali, maana kule kulikuwa na wanzuki, pombe ya asali, ya mama mmoja mjane. Mtani alikuwa akivua kofia kabla ya kuinywa.

"Hii ndiyo waliyopewa babu zenu wakakubali kubebeshwa mizigo," alisema.

"Na babu zenu walipewa nini? Mbona hawakubeba hata kikapu?"

Yule mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Nyie mtauana," alisema. Akachota kata, akapiga funda moja yeye mwenyewe mbele yetu, akafuta mdomo, ndipo akatupatia sisi. Vilabu vyote vilikuwa hivyo: mwenye pombe hunywa kwanza. Maana yake, kama humu mna ubaya, tutakufa wote. Hata muuzaji aliyetununia alitununia huku ameshameza funda lake.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mama yule akahamishwa na majirani zake, nyumba ya zamani ikatolewa paa asije akaikumbuka. Kijiji kipya kikapata Kilabu cha Kijiji, na kilabu kikapata bwana: Katibu wa Kijiji. Jina lake nimeambiwa nisiandike. Haya, naandika cheo. Akijiona humu, ni yeye.

Katibu alisema vyungu ni mambo ya kizamani. Vikavunjwa mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi, nani asingepiga? Badala yake akaleta mapipa kutoka ghala la tumbaku. Yalikuwa ya dawa ya wadudu. Yalipakwa rangi ya kijani nje, maana maendeleo huanzia nje. Mama yule, ndiye aliyewekwa kupika, akayasugua kwa mchanga na majivu, akaenda kusema bado yananuka. Akajibiwa kwamba ana pua ya kibepari.

Siku ya kufungua kilabu na sisi tukafika. Wageni wa mjini! Tukakalishwa mbele. Katibu mezani ana bia yake ya chupa kutoka Tabora, kwa sababu ya tumbo lake, alisema. Mama akachota kata, akaipeleka mdomoni kama siku zote.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naonja, Ndugu Katibu."

"Unakunywa mali ya umma?"

"Ndiyo desturi, ndugu yangu. Mwenye pombe hunywa kw–"

"Mwenye pombe nani hapa? Wewe?"

Watu wakacheka. Mama akashusha kata. Mtani wangu, ambaye mdomo wake haukujua cheo cha mtu, akadakia: "Basi onja wewe, Ndugu Katibu, kwa niaba ya umma."

"Mimi kiongozi. Kiongozi hatangulii kula."

Makofi tena! Mpaka leo nikisikia makofi mwili unanisisimka.

"Lete huku," mtani akasema, "umma wenyewe ni mimi." Akaipokea kata. Nikanyoosha mkono, akaupa mgongo. "Subiri. Mpagazi hunywa mwisho." Akanywa yote, akataka nyingine, akainywa nayo, huku akinikonyeza. Mimi akaniachia mkia wa kata, funda moja la chini. Ule mkia ndio ulionipa mikono hii, inayotetemeka hata siwezi tena kunyoosha gurudumu. Na yale masihara yake ndiyo yaliyoniacha hai. Wanakijiji walipona kwa sababu Katibu alikuwa bado anawapanga foleni. Maishani mwangu foleni imenifaa mara hiyo tu. Kabla haijanyooka, mtani alikuwa chini anatapika, na trekta la tumbaku ndilo lililotupeleka Kitete.

Kesi ikafika mahakamani. Ya nani? Ya mama. Hujuma. Katibu akasimama, shati limepigwa pasi, akasema: kila mtu anajua mpika pombe huonja kwanza. Huyu hakuonja. Kwa nini hakuonja? Alijua alichotia.

Nikasimama nikasema nilivyosikia kwa masikio yangu. Nikaulizwa: siku hiyo ulikuwa umekunywa? Nikasema ndiyo. Nikaambiwa nikae.

Waliokuwa foleni hawakuitwa, na hawakujitokeza. Mama akafungwa. Alipotoka alikuwa kizee, akafia kwa dada yake Bukene, na hata msibani wapo walioikataa pombe iliyopikwa, eti ni ukoo wa wenye sumu.

Katibu ni mstaafu hapa hapa Tabora. Watoto humwamkia shikamoo, anaitika marahaba vizuri kabisa, kama mtu anayepata usingizi wake usiku.

Ndugu Katibu, sitaki uniombe radhi, na pombe sitaki unionjee. Nataka utoke barazani kwako, mbele ya hao wanaokuamkia, na mbele ya ndugu wa yule mama, ujibu kwa sauti ile ile uliyomkaripia nayo: siku ile, kata ilipokuwa imemgusa mdomo, nani alimfanya aishushe?