Vitako Kumi Nilivyovikata Mapema

Nikiri mwenyewe, msije mkasikia kwa watu: mwezi wangu wa kwanza kazini nilichukua msumeno nikakata bunduki kumi zilizonusurika vita vya dunia. Adui hakuwahi kuzifanyia hivyo.

Siku niliyoanza, Meja aliyeongoza kikosi chetu cha makadeti hapa Toronto alinifungulia bohari ya bunduki niliyoajiriwa kuitunza. Makadeti ni vijana wa shule wanaofundishwa nidhamu na kwata. Bunduki zao ni zile za enzi za mababu, ila mitutu imezibwa kwa kuchomelewa na pini ya kufyatulia imetolewa. Hata uibembeleze, hailii. Mimi, mtu wa kidato cha nne niliyeomba kazi hiyo kwa kuwa ilikuwa basi moja tu kutoka nyumbani Malton, nikaitikia kwa kichwa kama fundi bingwa.

"Ni ndefu mno kwa watoto," Meja akasema. "Gwaride ni Oktoba. Zisipowakaa zitapelekwa kuyeyushwa, tuletewe za plastiki. Na plastiki haihitaji mtunzaji."

Kupima ni rahisi. Kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani, unakiegemeza kwenye kiwiko kilichokunjwa. Kidole kikifika kwenye triga, imekaa. Juni nikawapima makadeti wangu kumi, nikafungua bamba la chuma la kila kitako, nikakata mbao, nikarudishia bamba. Maridadi! Mdogo wao, Neema, binti wa Kikongo, aliizungusha yake huku akicheka.

Ikaja likizo ndefu. Nikasahau jambo analolijua kila mama aliyewahi kununua viatu vya shule.

Zimebaki wiki mbili gwaride lifike, akaingia boharini msichana mrefu nisiyemjua.

"Babu, ni mimi, Neema."

Akashika bunduki. Kiwiko kikachomoza ubavuni kama mguu wa panzi. Nikawaita wengine: panzi watupu.

Meja hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mzee, mbao huota tena?"

Sasa, mimi ni mtu wa bohari, na mtu wa bohari hatupi kitu. Vile vipande nilivyokata nilikuwa nimevipeleka nyumbani, nikavitia kwenye kopo la biskuti ambalo mke wangu alilidai kiangazi kizima. Nikavikata slesi kama mkate, nikanunua skrubu ndefu, nikazipachika slesi kati ya kitako na bamba. Mtoto akirefuka, unaongeza. Akija mfupi, unapunguza.

"Hii nini?" Meja akauliza.

"Bunduki inayokua, afande."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Siku ya gwaride viwiko kumi vilipita mbele yangu vimenyooka mstari mmoja, Neema akiongoza. Nilipenga kamasi, nikasingizia baridi. Plastiki haikuja, wala haikuja miaka kumi na minane niliyokaa pale, chini ya wakuu wanne, kila mmoja akikabidhiwa lile kopo kabla ya funguo.

Nikastaafu. Vijana mnaoanza kazi, ushauri wangu ni mfupi: pima mtu, kisha mwachie nafasi ya kukua. Niliurudia juzi kwenye korido, kifua mbele, kwa jirani yangu Mama Filomena, Mgoa wa Nairobi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama miguuni pangu, akasema:

"Mzee Kombo, bunduki za watoto wa watu umezipima mpaka unene wa slesi, na suruali yako bado inafagia korido, ivue uniletee niipinde."