Kinyozi Atetea Shahada Yake

Kinyozi alikuwa na miaka arobaini na sita, na shahada ya biashara aliisoma yote kwa simu, katikati ya wateja. Siku ya mtihani wa mdomo, mhadhiri alipiga simu ya video saa nzima kabla ya wakati. Kwenye kiti alikuwapo mwalimu mstaafu, amenyolewa upande mmoja tu.

“Nivumilie kidogo, mzee wangu,” kinyozi alimwomba, akaiegemeza simu kwenye kioo.

“Mshindani akifungua duka jirani yako,” mhadhiri aliuliza, “utafanyaje?”

“Shusha bei mpaka afunge!” mwalimu mstaafu alinong'ona, kwa sauti ya kufundishia watoto sitini.

“Mzee, nyamaza, utanifelisha!” kinyozi alifoka. Kisha akamgeukia mzee huyo, akamweleza hatua kwa hatua kwa nini anayeshusha bei ovyo ndiye atakayefunga kwanza, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi.

Mhadhiri alicheka mpaka akavua miwani. “Inatosha. Umefaulu.”

Kinyozi alimpigia mkewe. “Mama watoto, nimepita!”

“Umepita wapi tena?” mkewe aling'aka. “Si uko kazini?”