Mstari Niliomfundisha Wafula

Kama kuna siku moja ya utoto wangu ambayo nikiikumbuka bado nainamisha kichwa, mwanangu, ni Krismasi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Ndiyo, nakuita mwanangu. Mimi niko darasa la nane, wewe la nne, na ndevu zangu zimefika nne. Kwa hesabu ya shule hii mimi ni mzee, kwa hivyo keti.

Tulikaa hapa Nakuru katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alisafisha injini. Chapati tulizionja mara moja kwa mwaka, Krismasi, na siku hiyo kwetu kulikuwa na sheria: hakuna mkono kugusa sahani mpaka mtoto mdogo kuliko wote asimame mbele ya wazee, aseme mstari wa Biblia kwa kichwa. Mwaka huo zamu ilimfikia ndugu yangu Wafula, miaka mitano, mara yake ya kwanza. Mama akanipa mimi kazi ya kumfundisha. Sijui alikuwa anafikiria nini.

Wiki nzima nilimfundisha nyuma ya bafu za landhi. Wafula alifumba macho akarudia, akarudia, mpaka akawa anausema usingizini. Akipatia, nampigia makofi. Alivyofurahi!

Siku yenyewe, nyanya yetu, Kukhu, aliyekuja kwa treni kutoka Butere, alikalia kiti chetu cha pekee chenye mgongo. Wafula, ndani ya kaptura mpya iliyonunuliwa kubwa ili ifike Krismasi tatu, akapanda juu ya sanduku, akapaza sauti:

"Wachungaji wakafika, wakala chapati. Na kaka mkubwa akapewa tatu, kwa maana ndiye aliyechoka."

Baba akajikohoza. Mama akaficha uso kwenye leso. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wafula akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba anayechekwa ni yeye. Akashuka, akaingia chini ya kitanda.

"Toka, baba, chakula kinapoa," mama akambembeleza.

Kukhu peke yake hakuwa amecheka. "Wewe," akaniambia, "huyu mtoto amelala na maneno yako wiki nzima. Ingia huko ulikompeleka. Hatuli mpaka atoke."

Nikaingia kwa tumbo. "Wafula, pole bwana. Ilikuwa mchezo tu."

"Enda."

"Nakupa mstari wenyewe sasa, ule wa malaika. Ni mfupi." Nikamnong'oneza. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta kamasi.

"Na huu pia umetunga?"

"La! Huu ni wa kweli."

"Hata ule ulisema ni wa kweli."

Akatambaa akanipita, akaenda kumuuliza mama sikioni. Mama alipoitikia ndipo akapanda sanduku, akausema vizuri, watu wakala.

Miaka minne imepita. Juzi nilimwambia Wafula mvua inakuja, aanue nguo. Akatoka kwanza nje kutazama mbingu.

Kwa hivyo sikukatazi utani. Mimi mwenyewe sijaacha, muulize mwalimu wa hesabu. Mtanie mkubwa wako kama una mbio, mtanie mwenzako anayeweza kukurudishia. Lakini mdogo anayekuja kwako kujifunza mpe kilicho kweli, hata kama uongo unachekesha zaidi. Ukimcheza mara moja, itakuchukua miaka kumfanya akuamini hata juu ya mvua.

Mungu akukuze, mwanangu, akujalie wadogo wanaokuamini, na akufunge mdomo kila unapotaka kuwapoteza.