Hodi Katika Jiko Lisilo na Mtu

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mmoja amesimama kwenye mlango wa jiko la nyumba iliyohamwa. Miguuni pake mashine ya mvuke inanguruma taratibu. Anabisha hodi mara tatu, anasubiri kidogo, kisha anaingia.

"Jiko la watu haliingiwi hivi hivi," anasema. "Hata kama wamehama."

Wenzake kazini humwita Bi Mvuke, na hiyo hodi yake wameicheka hadi wamechoka. Ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na moja amesafisha majiko ya wanaohama na wanaohamia, siku njema mawili, siku mbaya hakuna ila maumivu ya mgongo.

Anaanzia ukutani, nyuma ya meko. Kwa macho ni ukuta mweupe, safi kabisa. Mvuke unapoupitia, vigae vinaanza kutoa machozi ya kahawia, yanateremka polepole hadi kwenye sinki.

"Hapa ndipo wenye nyumba hupiga kelele. Wanadhani nimewachafulia! Kumbe ukuta ndiyo kwanza unasema kweli."

Anageukia kabati lenye mlango wa kioo. Ukungu unatanda, na katikati yake kinajitokeza kiganja kidogo, vidole vitano. Juu yake kingine. Juu zaidi kingine. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja akijiona jasiri, anajikuta amerudi mlangoni.

"Usiogope, ni mafuta ya vidole tu," anasema Bi Mvuke. "Kioo hakisahau kilipoguswa. Ukikipa mvuke kinakumbuka. Huyu mtoto alikuwa anapanda kuiba sukari."

Anapitisha kitambaa, na mtoto anatoweka.

Lakini lipo jiko moja ambalo Bi Mvuke amelikimbia mwaka mzima. Ni la marehemu mama yake.

Miaka miwili ya mwisho, ugonjwa wa koo ulimnyang'anya mama huyo sauti. Alipokuwa akipika na dirisha likaingia ukungu, aliandika juu yake kwa kidole chenye mafuta: chumvi, funga mlango, acha umbea. Binti akirudi kutoka kazini na kubisha hodi, mama aligonga sufuria kwa mwiko, mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa "karibu" yake.

"Siku ile ya mwisho nilimwahidi nitarudi saa nane. Nikapata jiko la pili, nikasema nimalize tu. Nikafika saa kumi na moja. Nikabisha hodi, kimya. Nikamkuta kitini, dirisha limeshakauka."

Anakunja kitambaa mkononi. "Lazima aliandika kitu akinisubiri. Kama ni lawama, nitaipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa dirisha. Sasa wapangaji wapya wanaingia Jumamosi. "Dada, fundi ni wewe," kaka yake alimwambia. "Usipolifuta wewe, watalifuta wao."

Saa tisa alasiri tunafika nyumbani kwa marehemu. Jua limejaa uani, lakini jikoni kuna baridi. Bi Mvuke anabisha hodi mara tatu.

Ndani, kitu kinagonga mara moja.

"Bomba la maji hilo," anasema haraka.

Dirisha ni la vipande virefu vya kioo vilivyolaliana. Anashika mdomo wa mashine mbali, urefu wa mkono mzima. Ukikaribia mno, mafuta yanayeyuka na maandishi yanakwenda nayo, wala hutayapata tena. Ukungu unashika kipande cha juu. Herufi zinatokea moja moja, zimelala upande.

UMECHELEWA.

Mashine inanguruma peke yake. Natamani kumwambia Bi Mvuke tuondoke.

Anashusha mvuke kwenye kipande cha chini.

KULA KWANZA.

Anakaa sakafuni na kulia kwa sauti, na katikati ya kilio anaanza kucheka. "Huyo ndiye mama! Uchelewe utakavyochelewa, maelezo ni baada ya kula."

Vipande vingine anavifuta hadi vinang'aa, hata kile cha juu. Cha chini anakichomoa bila kukigusa katikati na kukizungushia taulo. Mpango wake ni kukipachika kwenye dirisha la jiko lake mwenyewe wiki hii. Kaka atanunua kingine kuziba pengo.

"Sitakifuta kamwe. Kila nikichemsha chai, ataniambia."

Anafunga mlango na kutia funguo mfukoni. Tukiwa bado tumesimama pale, ndani kitu kinagonga tena, mara moja.

Safari hii halitaji bomba.

"Haya, mama," anajibu, taulo akiwa amelikumbatia. "Nakwenda kula."