ISO Mia Moja na Mikono ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa akishona kofia za viua nyumbani kwake Michenzani, zile zinazotobolewa kwa sindano kitobo baada ya kitobo. Niliponunua kamera, yeye ndiye wa kwanza kukubali nimpige picha akiwa kazini.

Siku hiyo nilitokea Kizimkazi, nilikokwenda kupiga picha za pomboo kwenye jua kali. ISO, ile namba ya mwanga kwenye kamera, nilikuwa nimeiweka mia moja, maana nilisikia namba ndogo hutoa picha safi, isiyo na chengachenga. Nilipofika kwa shangazi nikaiacha hivyohivyo. Chumba cha shangazi kilikuwa na dirisha moja, na pazia zito alikuwa ameliteremsha majirani wasimwone. Kila nilipobonyeza, kamera ilikawia kufunga. Sikujiuliza kwa nini.

Kesho yake nikampelekea picha kwenye laptopu. Hakuna hata moja iliyotulia. Uso wake ulionekana kama moshi.

"Mbona hivi?" akauliza.

Nilikuwa nimeshajitapa kwa wanawe kwamba mimi sasa mpigapicha. Nikamjibu, "Shangazi, mikono yako inatetemeka. Mwili wote unacheza."

Akaigeuzageuza mikono yake, akaitazama. "Basi nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi yako."

Bibi yangu, mama yake, aliugua maradhi ya kutetemeka mpaka akafa. Nilikuwa nikilijua hilo. Nikaifunga laptopu, nikaondoka.

Miezi miwili ikapita. Rafiki yangu wa Jang'ombe, anayepiga picha za harusi, akanieleza kuhusu ile ISO. "Namba hiyo inaiambia kamera iukuze mwanga kiasi gani. Ukiiweka chini mahali penye kiza, kamera itabaki wazi muda mrefu ikitafuta mwanga, na mkono wako ukicheza kidogo tu, picha imeharibika. Ndani ya nyumba ipandishe. Chengachenga zitakuwepo, lakini mtu ataonekana."

Nikazifungua tena zile picha. Nyuma ya shangazi palikuwa na saa ya ukutani, nayo ilikuwa imevurugika vilevile, kuelekea upande uleule. Mkono uliocheza ulikuwa wangu.

Nikaenda kwa shangazi, nikamkuta amekaa, mapajani hana kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Kofia ziko wapi?"

"Nshaacha. Sindano nimempa jirani. Nnaogopa kuharibu kofia za watu."

Nikamweleza yote, namba, pazia, saa.

"Siku ile ulijua?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. "Sikujua kosa ni nini. Lakini nilijua si wewe; mikono yako sikuiona ikitetemeka."

"Miezi miwili, kila nikiamka, kitu cha kwanza nnaitazama mikono yangu." Halafu akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Nenda kwa jirani kazichukue sindano zangu. Na umwambie mwenyewe kwa nini."

Nikaenda, nikamwambia. Kushona ameanza tena. Picha hajataka kupigwa mpaka leo, nami sijathubutu kumwomba.