Jina Langu Kwenye Gari la Mdogo Wangu

Kwetu anayekudai huja mwenyewe. Hubisha hodi, hukaribishwa chai, huulizia watoto, na akishakohoa mara mbili tatu ndipo hutaja kilichomleta. Ukimwambia mambo magumu, huenda zake na kurudi siku nyingine. Mdogo wangu aliishi Alexandria ya Marekani akiamini hivyo, na imani hiyo nusura imuue mbele ya macho yangu.

Gari lilikuwa lake, jina lilikuwa langu. Alikuwa mgeni Marekani, hana historia yoyote ya mikopo, na muuza magari akamwambia alete mtu wa kumdhamini. Angemleta nani? Sisi ni tumbo moja. Nikatia saini kama mtu anayeshuhudia ndoa ya nduguye, nikaenda zangu kazini kuogesha wazee. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza, kwamba mdhamini wa hapa si shahidi. Ni mdaiwa wa pili, na mwenzako akiacha kulipa, unaharibikiwa wewe pamoja naye.

Mwanzoni alibeba abiria na kulipa vizuri. Kisha ikaja harusi ya binamu yetu kule Moshi, na kundi la michango kwenye simu, ambamo kila asubuhi majina yanabandikwa: fulani kaahidi, fulani katoa, fulani bado. Yeye aliona afadhali benki imtafute kuliko jina lake lilale penye "bado". Akaahidi kama balozi, akatoa kama balozi, na fedha ya gari ikaishia kwenye mbuzi wa ndafu na maturubai.

Benki ilipoanza kunipigia mimi, nikampigia yeye.

"Dada, usini-stress," akasema. "Nita-pay. Wakitaka gari si watakuja tuongee?"

"Hawaji kuongea hao!"

"Kila mtu anaongea, dada. Wewe umeshakuwa mzungu."

Walikuja Jumamosi asubuhi, naye yuko kwangu anakunywa chai. Nilikuwa jikoni natwanga viungo vya pilau, tukasikia mnyororo nje. Lori la kukokota magari lilikuwa limeshalishika gari lake kwa mbele, na mwanamume mmoja mnene alikuwa ameinama anakaza. Mdogo wangu akatoka pekupeku, nami nyuma yake. Kwanza alisalimia. Hilo linaniuma mpaka leo, alisalimia! Akamwomba yule mtu aingie ndani wazungumze. Mtu hakuinua hata kichwa, akaendelea kukaza mnyororo wake.

Mdogo wangu akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu. Akavunja kioo cha pembeni cha lori, akavunja cha mlango, na yule mtu aliposimama kumzuia, pigo la tatu likampata sikioni. Damu ikamwagika mpaka kwenye kola. Akaanguka kwa magoti, akaanza kutambaa kuelekea mlango wa lori, huku mdogo wangu akimfuata na kumpiga mateke ya mbavu, akifoka kwa Kiswahili kwamba binadamu akikusalimia unaitikia.

Jirani yangu Mkongo alikuwa juu, kwenye baraza lake. Yeye ndiye aliyeona.

"Mama we! Ule papa iko na bunduki!"

Mkono wa yule mtu ulitoka chini ya kiti na bastola. Mdogo wangu alikuwa ameinua spana, haoni kitu ila lile sikio.

Mchi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikampiga mdogo wangu kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote, nguvu za mtu anayenyanyua wazee kitandani kila siku. Nikausikia mfupa. Spana ikaanguka, akageuka kunitazama kama hanijui, nikampiga tena, begani, akaenda chini. Nikamkalia. Aliniuma paja, nikamzaba kofi, akaniuma tena. Bastola ilikuwa inatuelekea sote wawili, nami nalia na kupiga kelele kwa Kiingereza: chukua, chukua gari, ni langu, jina ni langu! Nilikuwa na hasira na wote: huyu chini yangu, yule wa bastola, muuza magari na tabasamu lake, na bwana harusi na ndafu yake.

Yule mtu akajifuta damu kwa mkono wa shati. Hakuishusha bastola mpaka alipopanda. Akaondoka juu ya vioo vilivyovunjika, na suti ambayo mdogo wangu angevaa harusini Moshi ikining'inia dirishani mwa gari ndani ya plastiki yake. Polisi hakuwaita, sijui kwa nini. Wiki nzima kila king'ora kilinipeleka dirishani.

Gari likapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na deni lililobaki wakanidai mimi. Nikapiga simu mwenyewe kabla hawajanipigia, tukakubaliana malipo madogo ya kila mwezi, nami nayalipa kabla sijanunua hata chumvi. Mama naye akapiga kutoka Moshi.

"Umemvunja mwanangu mkono kwa sababu ya gari?"

Nikamweleza habari ya bastola. Akauliza kwa nini sikumpiga yule aliyeishika.

Mwezi uliopita tulikuwa Takoma Park, si mbali na kwetu, kwenye chakula cha ubarikio wa mtoto wa rafiki. Mdogo wangu akaja na karatasi za gari jingine, anataka saini. Nikakataa. Akasimama katikati ya watu, akainua ule mkono ambao haukunji tena ngumi.

"Huyu si dada, huyu ni jambazi! Alinivunja huyu, oneni! Heri ningezaliwa peke yangu!"

Watu wakaacha kula. Mke wa mchungaji akaniangalia, anasubiri niombe radhi. Mdogo wangu alikuwa anarusha mate, mishipa ya shingo imemsimama, kifua kinapanda na kushuka. Nikamtazama kile kifua, nikaendelea na wali wangu. Maiti hatukani.